Mgeni Njoo, Nguruwe Apone

Kizimba cha tano kilikuwa na nguruwe 14. Nilipoinama mlangoni niliwakuta wamejibana wote kwenye ukuta wa kushoto, masikio yamesimama, macho yako katikati ya sakafu. Mimi hawakunijali. Walikuwa wanatazama nyasi.

Rundo dogo la nyasi kavu, safi, halijakanyagwa. Kamba ya katani iliyofungia mzigo ilikuwa bado iko pembeni.

Mmoja akabweka. Nguruwe akishtuka hutoa sauti fupi, kama mbwa aliyekanyagwa, na wenzake wote huganda. Waliganda. Kisha mwenye doa jeusi mgongoni akanyoosha pua, akaligusa rundo, akaruka nyuma. Akarudi. Haikupita dakika mbili rundo lilikuwa limekwisha: wanatafuna, wananyang'anyana, mmoja anakimbia na kishungi mdomoni kama mtoto aliyeiba andazi.

Swali la 31 kwenye fomu yangu ya kukagua ustawi wa nguruwe lilisema: "Je, nguruwe wana vitu vya kuchimbua, kutafuna na kuchezea wakati wote?"

Nikatia tiki kwenye Ndiyo.

Leo ni wiki ya saba na bado naiona ile kamba ya katani. Nguruwe aliyezoea nyasi hazimshtui. Wale 14 walikuwa wananiambia, kwa lugha yao yote, kwamba kitu kile hawajawahi kukiona, na mimi nilikuwa nimesimama pale na kalamu, nimelipwa kusikiliza.

Chai kabla ya kazi

Mwenye banda ni mwalimu mstaafu, huko ndani ndani ya Kibaha, barabara ya vumbi ambayo ukifika mwisho wake unajuta kuosha gari. Kila mtu anamwita Mwalimu, nami nikamwita Mwalimu. Yeye aliniita dokta. Nilimwambia mara mbili kwamba mimi ni bwana mifugo tu, akasema "sawa dokta" na kuendelea kumimina chai.

Ana majike tisa, dume mmoja, na wa kunenepesha kama 80 hivi. Miaka yote amekuwa akiuzia mabaa ya kitimoto, kama wenzake. Mwaka huu kapata mnunuzi wa namna nyingine, anayepeleka nyama kwenye hoteli za watalii, na watalii wale wanataka kujua mdudu aliye kwenye sahani yao aliishije. Mnunuzi akataka cheti. Cheti kinatolewa baada ya ukaguzi, ukaguzi unafanywa na kampuni ya washauri, na kampuni hiyo hunilipa mimi kwa siku, kama msaidizi wa mkaguzi mkuu.

(Wewe usiyegusa kitimoto, usiondoke. Humu hatuli, tunahesabu mikia.)

Ukaguzi ulitangazwa siku kumi kabla. Ilibidi. Homa ya nguruwe ya Afrika hapa kwetu haina chanjo wala tiba, na mtu anayeingia banda hili leo akiwa na matope ya banda la jana anaweza kummaliza mfugaji kwa wiki moja. Kwa hiyo tulikaa siku tatu bila kukanyaga kwenye nguruwe wengine, tukafika, tukavaa ovaroli za Mwalimu, tukachovya gambuti kwenye beseni la dawa. Utaratibu mzuri, siuponde. Ila siku kumi zinatosha kuosha sakafu, kupaka kuta chokaa na kutuma kijana akakate nyasi.

Kwanza chai lakini. Ya maziwa, tangawizi imekolea, na viazi vitamu vya moto. Mkaguzi mkuu anatazama saa kwa sababu mchana tulikuwa na mabanda ya kuku Chalinze. Mwalimu akacheka: "Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Sikufikiria chochote wakati ule. Wenyeji waliopona siku ile walikuwa wale 14, na walipona kwa dakika mbili.

Lux 40

Fomu ilikuwa na maswali 64, na mengi hayakuzaliwa huku. Kuna la mwanga: usipungue lux 40, saa 8 kwa siku. Kuna la kelele: zisizidi desibeli 85. Kuna la nafasi: mita za mraba 0.65 kwa nguruwe wa kilo 85 hadi 110. Baadaye nilizikuta namba zote hizo, moja baada ya nyingine, kwenye agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2008 kuhusu ulinzi wa nguruwe. Mtu kazichukua, kazitia Kiswahili, kazipangia alama.

Huko zilikotoka zina maana kamili. Banda la kule limefungwa pande zote kwa sababu ya baridi, mamia ya nguruwe ndani, feni zinanguruma, na mwenye tamaa anaweza kuzima taa mchana kutwa ili watulie. Banda la Mwalimu lina ukuta wa nusu. Kutoka hapo mpaka kwenye bati ni upepo na jua la Pwani. Mkaguzi mkuu alitoa simu, akafungua programu ya kupimia mwanga, akaiinua juu kama anayetafuta mtandao. Namba ikapanda hadi ikapita elfu mbili.

"Ni nzuri au mbaya?" Mwalimu aliuliza.

"Nzuri sana, mama."

Alama zote.

Ambalo fomu haikuuliza ni bati lenyewe. Ilikuwa inakaribia saa sita mchana na ukiweka kiganja sentimita chache chini ya bati unakiondoa haraka. Nguruwe hana jasho la kumpoza. Ana pumzi yake, ana kivuli, ana maji, na kama vipo vyote vitatu bado anataka tope. Akikosa tope hulalia mkojo na kinyesi chake, halafu sisi tunamwita mchafu. Kwenye fomu kulikuwa na swali la usafi wa mwili. Wawili wa kizimba cha saba walikuwa wamejipaka hadi masikioni, nikaandika "usafi: wastani". Ile haikuwa habari ya usafi. Ilikuwa habari ya joto, na niliiandika kwenye mstari usio wake.

Hata ile 0.65. Nguruwe wa kwenye baridi hulala wamebanana, mmoja juu ya mguu wa mwingine, wanapeana joto. Wa Kibaha saa sita mchana anajinyoosha ubavu, miguu yote minne mbele, na hataki ngozi ya mtu. Namba ni ile ile lakini sakafu si ile ile.

Nilitaka kuyaandika haya kwenye sehemu ya maoni. Sehemu ya maoni ilikuwa mistari miwili, na ya kwanza ilikuwa ya sahihi.

Nguruwe huru kuliko wote

Nimezaliwa Mbozi, kwenye mikahawa. Nguruwe wa bibi yangu hawakujua kizimba ni nini. Asubuhi wanatoka, wanachimbua mashamba ya watu, wanagombana na mbwa, mchana wanalala kwenye tope chini ya migomba, jioni wanarudi wenyewe wakisikia ndoo ya pumba. Nakumbuka jike mmoja mwekundu aliyekaribia kuzaa: siku nzima anabeba majani mdomoni, anayapeleka nyuma ya choo, anayapanga, anayavuruga, anayapanga tena. Bibi alisema anatandika kitanda. Usiku ule alizaa tisa.

Jike yeyote hufanya hivyo zikibaki saa chache azae. Hata umfungie kwenye zege tupu, hata umbane kwenye chuma asigeuke, pua na miguu vitatandika kitanda kisichokuwepo. Hilo nimeliona kwa macho yangu, kwenye mabanda ambayo sisi wataalamu tuliyasifia.

Mwaka 1965 kamati iliyoongozwa na Brambell kule Uingereza ilisema kila mnyama wa kufugwa aweze angalau kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyoosha viungo. Mwaka 1979 likafuata lile fungu la uhuru wa aina tano ambalo kila mwanafunzi wa mifugo huliimba kwenye mtihani: asiwe na njaa wala kiu, asikose starehe, asiwe na maumivu, majeraha wala maradhi, aweze kuishi kwa mwenendo wake wa asili, asiishi kwa hofu. Nililiimba na mimi. Nikipitisha nguruwe wa bibi kwenye orodha hiyo, mwenendo wa asili wanapata mia kwa mia. Hakuna shamba lenye nembo ya ustawi, popote duniani, lingemfikia bibi.

Na nguruwe wale walikuwa na tegu.

Wanakozurura ndiko watu wasio na choo wanakokwenda. Ukichinja, unakuta punje nyeupe kwenye nyama, kama mchele. Anayekula nyama hiyo haijaiva anapata minyoo tumboni. Anayemeza mayai ya minyoo hiyo, kwa mikono au kwa mboga, anaweza kupata punje zile zile kwenye ubongo. Watafiti wamekuja Mbozi na Mbulu kwa miaka mingi kwa ajili ya hilo tu. Jirani yetu alikuwa anaanguka kifafa. Watu walimtaja shangazi yake kuwa ndiye kamroga. Hakuna aliyemtaja nguruwe.

Kwa hiyo nilipomaliza chuo nilifanya kazi niliyofundishwa. Nilipita kijiji kwa kijiji nikisema: fungia nguruwe. Mjengee banda, mwage zege, mlishe humo humo. Ongeza homa ya nguruwe inayobebwa na ngiri na kupe wao, na neno langu likawa sheria. Wafugaji wamenisikiliza, Mungu awabariki. Mwalimu mwenyewe alinionyesha kijitabu alichojifunzia ujenzi wa banda, na nilikitambua. Tulikigawa sisi.

Sasa nasimama mlangoni na fomu, namuuliza kama nguruwe wake wana cha kuchimbua.

Swali la 28

Wiki ya tatu niliacha kujidanganya kwamba nitasahau. Usiku nikaanza kusoma.

Nilichokutana nacho mapema ni mradi wa Ulaya ulioitwa Welfare Quality, wa mwaka 2004 hadi 2009, ambao uligeuza maswali. Badala ya kuuliza jengo likoje, mpimaji anamtazama mnyama: anachechemea, ana vidonda begani, anahema mdomo wazi, amelala wapi na kwa namna gani. Nikamkuta pia Temple Grandin, mtaalamu wa tabia za wanyama wa Marekani, ambaye mwaka 1996 alizunguka machinjio ya nchi yake akiwa na kitu rahisi mno: kuhesabu. Wangapi kati ya mia wamepigwa ganzi kwa mara ya kwanza wakaanguka. Wangapi wamelia. Wangapi wameteleza. Miaka mitatu baadaye McDonald's ikatumia hesabu hizo kukagua machinjio yanayoiuzia nyama, na wenye machinjio ambao kwa miaka walikuwa "wanazingatia ustawi" wakaanza kutengeneza sakafu.

Nikafungua picha zangu.

Tulipiga picha kila kizimba kwa ajili ya ripoti, na nilikuwa sijazitazama tangu siku ile. Picha ya kizimba cha tano imepigwa wakati wamelivamia rundo, vichwa chini, makalio yote kwangu. Nikaivuta kwa vidole. Mikia.

Watatu mikia yao ilikuwa imeishia njiani. Miwili imepona zamani, ncha butu, haina manyoya. Wa tatu una gamba jeusi la damu iliyokauka.

Kwa Mwalimu mikia haikatwi. Najua kwa sababu niliuliza. Ni swali la 28. "Je, mikia ya watoto wa nguruwe hukatwa kama desturi?" Hapana. Alama zote, tena ni swali lenye alama nyingi.

Ili ujue kwa nini lina alama nyingi inabidi ujue ugomvi wa wenyewe. Nguruwe waliobanwa, wenye joto, wanaopigania chakula au wasio na cha kutafuna hutafuna mikia ya wenzao. Ulaya dawa ikawa kuikata mikia wakiwa wadogo. Sheria ya huko imekataza kuikata kama desturi tangu miaka ya tisini, na mpaka leo nguruwe wengi wa Ulaya wanakatwa. Sweden na Finland ndizo zilizosimama kwenye katazo kweli kweli. Kwa hiyo mkaguzi wa kule akiona mkia mzima anafurahi: shamba hili limeweza kuishi na mikia. Mkia uliokatwa hausemi kitu, ni kama kumziba mgonjwa mdomo ili asilalamike.

Mikia ya Mwalimu haikuzibwa mdomo. Ilikuwa inasema. Fomu ilitoa alama kwa kuwa haikukatwa, na haikuwa na swali hata moja la kuuliza kama imeliwa.

Kuna watafiti wa Scotland walioonyesha mwaka 2018 kwamba kamera inaweza kulijua balaa hili mapema, kwa sababu mikia huanza kushuka kabla kung'atana hakujapamba moto. Nguruwe aliye sawa mkia wake umejikunja juu. Bibi yangu alikuwa anasema "mkia umelala, muangalie huyo", akamtenga. Hakuwa na kamera.

Basi nilikaa kitandani na simu, saa saba usiku. Swali la 28, alama zote. Swali la 31, alama zote. Katikati yake, kwenye picha niliyoipiga mwenyewe, nguruwe watatu walioliwa mikia kwa sababu hawakuwa na kitu kingine cha kula.

Kwa nini nilitia tiki

Nimejipa majibu mengi. La kwanza lilikuwa haraka: mkaguzi mkuu alikuwa ameshafika kizimba cha nane. La pili lilikuwa neno lenyewe. "Wakati wote." Sikuwepo wakati wote, nilikuwepo wakati ule, na wakati ule nyasi zilikuwepo. Ni jibu zuri mahakamani.

Jibu la kweli ni viazi vitamu.

Nilikuwa nimekula kwake. Ananiita dokta, ana umri wa mama yangu, na kabla ya kuingia bandani alinionyesha daftari la mkopo. Kwetu hutoki kwenye meza ya mtu ukaenda kumwandikia Hapana mbele ya wafanyakazi wake. Wakaguzi wazoefu wanalijua hili, na wapo wanaokataa hata maji. Nilidhani ni kiburi. Siku hizi nadhani wanajijua.

Halafu kuna pesa, na hapa sisemi kampuni yoyote ina rushwa, kwa sababu sijaiona. Nasema tu njia inayopita. Anayekaguliwa ndiye anayelipia ukaguzi. Mnunuzi anataka cheti kipatikane kwa sababu ameshawaahidi wenye hoteli. Kampuni inataka kazi mwakani. Mimi nataka kuitwa tena. Katika mnyororo wote huo hakuna hata mmoja mwenye njaa ya Hapana. Waliokuwa nayo walikuwa 14, na hawasaini fomu.

Nilijiliwaza kwamba ni umaskini wetu. Kisha nikakumbuka Uingereza, mwaka 2024, wanaharakati walivyotoa video kutoka mashamba yenye nembo ya RSPCA Assured, ya shirika la huko la kutetea wanyama, yakiwemo ya nguruwe, na shirika likalazimika kuagiza mashamba yapitiwe upya. Shirika kongwe, wakaguzi wenye mafunzo, viwango vya kurasa na kurasa. Sikufarijika. Niliogopa zaidi.

Na hili ndilo linalonikera kupita yote: Hapana yangu isingemuua Mwalimu. Ingekuwa kasoro ndogo. Angepewa siku 30 arekebishe, atume picha, basi. Nilimkingia kifua dhidi ya siku 30.

Simu

Wiki ya tano nilimwandikia mkaguzi mkuu kwamba nataka kubadili jibu la 31 na kuongeza maelezo ya mikia. Alinijibu vizuri tu. Ripoti imeshakwenda, tuyaweke kwenye ukaguzi wa mwakani.

Nikampigia Mwalimu. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba, nikaanza kuzunguka: hali ya hewa, bei ya mashudu. Akanikata.

"Dokta, umepiga kwa sababu ya nyasi."

Nikanyamaza.

"Niliona ulivyoiangalia ile kamba. Nikasema huyu kijana kaona. Halafu ukaandika Ndiyo. Nikasema, haya."

Nimefikiria sana lile "haya". Mwalimu wa miaka 30 na zaidi darasani anajua mwanafunzi anapoandika jibu analojua si sahihi.

Nilimuuliza kwa nini hawawekei kila siku. Nilidhani atasema hela. Hela aliitaja mwishoni. Kwanza alisema nyasi zinaziba mfereji unaopeleka kinyesi shimoni, na kijana wake mmoja hawezi kuuzibua kila jioni. Pili, nyasi zinakatwa kule bondeni, na bondeni ngiri wanapita usiku. Yeye amesikia mafunzo yetu, haingizi kitu cha porini kwenye banda. Siku ile tu, kwa ajili ya fomu, aliingiza, na hakulala usiku mbili.

Usiku mbili. Mwanamke aliyejua hatari kuliko sisi wote aliivunja kinga yake mwenyewe ili ajibu swali letu la ustawi.

"Fomu yako haikuniuliza kwa nini sina," alisema. "Iliniuliza kama ninazo."

Jambo hili Ulaya wanalijua. Kwenye maeneo yenye homa hii wamewekeana utaratibu: nyasi mbichi zikae siku 30 mbali na wanyama wa porini kabla ya kupewa nguruwe, mabua ya kulalia siku 90. Nilimwambia. Akauliza, "Mabua ya mahindi je? Yangu yako stoo tangu nilipovuna." Tukahesabu pamoja kwenye simu. Ilikuwa miezi minne.

Miezi minne mabua yako stoo, hatua ishirini kutoka kizimba cha tano, yanasubiri moto.

Ndoo

Jumanne iliyopita nilikwenda kwa nauli yangu. Nilikuwa nimemwambia nitakuja wiki hii, siku sikuitaja, na sikuwa nimekanyaga banda lingine tangu Alhamisi. Chai nilikunywa baada ya kazi. Aliliona hilo akacheka peke yake.

Nilimwomba ndoo. Nikaigeuza, nikaketi mbele ya kizimba cha tano, na kwa dakika ishirini sikufanya kitu. Ukitaka kujua jinsi ukaguzi ulivyo wa haraka jaribu kukaa dakika ishirini. Dakika tano za kwanza nguruwe wanakukagua wewe. Kisha wanakuchoka, wanarudi kwenye maisha yao.

Mabua yalikuwepo, mafupi, yamekatwa kwa panga ili yasizibe mfereji, na nusu yamekwisha kuwa takataka. Hakuna aliyeyashangaa. Wawili wanayachambua polepole, kama mtu anayekula karanga akiangalia mpira. Kipande cha mwembe kimefungwa kwa mnyororo kwenye nguzo. Mwenye doa jeusi alikuwa amekimenya gamba upande mmoja hadi pakang'aa. Juu ya bati wameweka makuti. Hilo sikumshauri mimi.

Si kwamba mambo yamenyooka. Mwenye gamba la damu ametengwa kizimba cha peke yake na mkia umevimba kwenye shina, tumemwanzishia sindano. Na mmoja mwembamba, pembeni, alikuwa bado anamnyemelea mwenzake kwa nyuma kila mara. Mara tatu kwa dakika ishirini, niliandika.

Kisha nikahesabu waliobaki 13. Mikia iliyojikunja juu, tisa. Iliyolala, minne.

Mwalimu alisimama nyuma yangu. "Umeandika nini?"

"Mikia."

"Mikia tu?"

"Na tarehe."

Akaomba karatasi, akainakili kwenye daftari lake, lile la mkopo, ukurasa wa nyuma. Aliuchorea mistari kwa rula kama mahudhurio ya darasa: tarehe, waliojikunja, waliolala, maoni. Safu ya maoni aliiacha pana kuliko zote.

Sijui kama nitaitwa tena kwenye ukaguzi wa mwakani. Hii makala wataisoma. Cheti chake kimetoka, kimewekwa fremu, kinaning'inia sebuleni chini ya picha ya mahafali.

Jana jioni simu ikalia. Ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa Mwalimu, bila salamu, jambo ambalo si kawaida yake: "Dokta, 11 kati ya 13. Yule mwembamba nimemhamisha."

Dakika moja baadaye ukafuata mwingine: "Samahani, hujambo? Mvua imenyesha, wametulia."